Duara la Juu Kushoto

Kusimulia mapenzi, hakuna anayeniweza. Waume zangu wote wawili wangeweza kulishuhudia hilo, ila kila nilipofika patamu walikuwa wameshaanza kukoroma. Kwa hiyo hii nitaipeleka mbio, na wewe ukae wima.

Siku yenyewe studio ya picha ilikuwa imefurika mpaka barazani. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kila mzazi alikuwa amekumbuka asubuhi hiyohiyo kwamba mwanawe anatakiwa kuwa na picha ndogo. Watoto walipakwa mafuta wakang'aa kama sufuria mpya. Mashine ya kuchapia ilinguruma kwenye kona, harufu ya wino na karatasi ya moto ikajaa chumba, na nyuma ya kompyuta alikaa dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye mikono mipana, miwani kaipandisha utosini, penseli kaichomeka kwenye nywele.

Wenzake walimwita Brashi. Jina lilitokana na ile brashi ya ndani ya kompyuta anayofutia chunusi, makovu na jasho la watu. Umpelekee bwana harusi aliyekesha, yeye atakurudishia bwana harusi aliyelala wiki nzima. Kuna bibi harusi mmoja alipoona picha zake aliuliza yule mrembo ni nani na alialikwa na nani.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe, kola moja imekaa nje na nyingine imejificha ndani. Mkononi alishika flashi ya kompyuta kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba yai.

"Nataka picha kubwa, dada. Ya kutundika ukutani."

Brashi akaichomeka. Skrini ikawa nyeusi ti.

"Kaka, ulisahau kutoa kifuniko cha kamera."

"Sikusahau. Kila kitu kimo."

"Kimo wapi?"

"Humo humo gizani. Kinataka kuvutwa tu. Polepole lakini, dada yangu, tafadhali, pole..."

Brashi hakuwa mtu wa polepole. Alishazoea picha za ukumbini zilizopigwa gizani na mjomba wa mtu. Alivuta mwanga kwa mkupuo mmoja, kama anayefungua pazia, na skrini nzima ikalipuka: nyota zikatapakaa nyeupe kama mchele uliomwagika, na katikati kukatokea kitu chekundu, kimevimba, kama shavu lililopigwa kofi.

Mwanamume akashika kichwa. "Umeniunguzia!"

"Nimekuunguzia nini? Si ulisema ivutwe?"

"Nilisema polepole!"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akachungulia. "Hicho ni kidonda cha nani, jamani?"

Basi watu wakacheka, na yule mwanamume naye akacheka, na hapo ndipo Brashi alipomwona vizuri. Alikuwa na kicheko cha kuchelewa. Kilianzia machoni, kikashuka taratibu, kikafika mdomoni wakati wenzake wameshamaliza. Brashi akarudisha picha ilivyokuwa, giza lake lote, akateremsha miwani.

"Haya, Bwana Polepole. Nielekeze."

Kazi yake ilikuwa kusaga vioo vya miwani kwenye karakana ya mtaa wa pili. Kwa mkono uleule alikuwa amejisagia kioo cha darubini. Picha ile si moja, alieleza, ni nyingi mno za kitu kilekile, alizopiga usiku baada ya usiku juu ya paa la nyumba ya shangazi yake, halafu akazipanga moja juu ya nyingine mpaka mwanga kidogo kidogo ukakusanyika. Na kile chekundu si kidonda. Ni nebula, wingu la gesi na vumbi, huko nyota zinakozaliwa.

"Na kompyuta yako?"

"Imezeeka. Nikifungua picha, inazima. Nadhani inaona aibu."

"Studio tunafunga Jumapili mchana," Brashi alisema, huku akijifanya anatafuta kitu kwenye droo. "Lakini ufunguo ninao mimi."

Wale waliokuwa kwenye foleni walinyamaza wote kwa pamoja. Mtu anajua kabisa pale ambapo foleni haipaswi kukohoa.

Ikawa kila Jumapili. Alikuja na shati lililopigwa pasi pande zote mbili sasa, naye Brashi alivaa gauni jipya akisema ni la zamani. Walikaa kiti kwa kiti mbele ya skrini na kubishana, na ubishi wao ulikuwa mtamu kuliko maneno matamu ya watu wengine.

Polepole alikuwa na njia yake. Anavuta mwanga kidogo, anasubiri, anatazama, anavuta tena kidogo, kama mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto. Rangi anaiacha jinsi kamera ilivyoipokea, nyekundu. Zile punje punje zinazotapakaa kwenye giza hazigusi.

"Futa basi hizo punje," Brashi alimwambia. "Anga lako lina vipele."

"Ukizisugua sana utaondoka na vitu vingine. Kitu hafifu na punje vinafanana."

"Kwangu mteja akija na vipele anataka aondoke bila vipele."

"Hili halitafuti mchumba, Brashi."

"Lingetafuta lingekosa."

Njia ya Brashi ilikuwa nyingine. Alizichomoa nyota zote akaziweka kando, kama fundi cherehani anayetoa vifungo kabla ya kufua nguo, akabaki na wingu peke yake. Akalilainisha, akakoleza mikunjo yake, kisha akazirudisha nyota zikiwa ndogo na safi. Na rangi je? Polepole alikuwa amepiga pia kwa vichujio, kila gesi na kichujio chake, na picha za vichujio hutoka kijivu. Ni juu yako gesi ipi uivishe rangi gani. Brashi akaivisha moja dhahabu, nyingine bluu ya bahari kuu. Wingu likageuka. Likawa na mabonde, nguzo, na moshi unaopaa.

Polepole alitazama kwa muda mrefu. "Ni nzuri," alisema. "Lakini si rangi yake."

"Na yako ni yake? Wewe mwenyewe ulisema mtu akitazama kwa jicho lake tupu kwenye darubini anaona ukungu wa kijivu. Basi tusidanganyane, laazizi. Wote wawili tunavisha nguo. Wewe unavisha sare, mimi navisha ya harusini."

Neno laazizi lilimponyoka. Lilikaa pale katikati yao, wala hakuna aliyelichukua. Mpaka jioni, simu yake ilipolia.

"Brashi."

"Naam."

"Lile neno la mchana, lilikuwa langu au lilikuwa la nebula?"

"Ulikuwa umekaa karibu zaidi wewe."

Halafu kile kicheko cha kuchelewa, kikishuka taratibu kwenye simu.

Picha yenyewe ilikuwa ya shukrani. Polepole alilelewa na shangazi yake, dada wa marehemu baba, na huyo shangazi alikuwa amekaa miaka bila kuona, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa kliniki ya macho walimfanyia upasuaji. Sasa anaona. Alipofunguliwa bandeji alimtazama muuguzi, akatazama dari, akamtazama mpwa wake na kusema, "Mbona hukuniambia umekuwa na sura ya babu yako? Ningejiandaa." Polepole hakujua awashukuru vipi watu waliomrudishia shangazi yake dunia nzima, kwa hiyo akawaahidi picha kwa ajili ya ukuta mrefu mweupe wa chumba cha kusubiria. Na alikuwa ameamua, japo roho ilimuuma kidogo, kwamba iwe ile ya Brashi, ya dhahabu na bluu, maana macho yanayotoka kwenye bandeji yanastahili kupokelewa na karamu.

Alimwachia faili la mwisho asubuhi moja, akiwa na haraka ya kuwahi karakana.

"Futa tu alama za vumbi, kipenzi. Kioo cha kamera kilikuwa na vumbi, nalo lilihama katikati ya kazi, kwa hiyo limeniachia maduara, mengine meusi, mengine meupe. Mengine yote usiguse."

"Vumbi tu."

"Vumbi tu."

Brashi akakaa. Akatafuta maduara. Akalifuta jeusi chini, jeupe pembeni, jeusi tena, na juu kushoto akakuta jingine, hafifu mno, jembamba kama alama ya glasi juu ya meza. Likapitiwa na brashi. Akachapa, akaweka fremu, akaipeleka kliniki yeye mwenyewe akiwa amevaa lile gauni la kijani, na muuguzi mkuu akapiga makofi.

Polepole alifika akitweta. Alisimama mbele ya picha akitabasamu, kisha akasogea. Akasogea tena. Tabasamu likamtoka kama taa iliyozimika. Akamshika Brashi kiwiko, akampeleka kwenye ujia.

"Duara liko wapi?"

"Duara gani?"

"La juu kushoto."

"Si vumbi? Nililifuta."

"Halikuwa vumbi." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Ni nyota iliyokufa, Brashi. Ilipumua pumzi ya mwisho, ikaacha lile duara. Nusu ya zile nyusiku zote nilizikesha kwa ajili yake. Watu wachache sana wamewahi kuliona. Nilimwahidi shangazi kwamba akifunguliwa macho nitamwonyesha kitu ambacho hata wenye macho mazima hawajakiona."

Brashi akaangalia kule ilikokuwa picha. "Hukuniambia."

"Nilitaka kukushangaza na wewe pia."

"Uliniambia nifute maduara! Duara lako limefanana na vumbi lako, mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza! Lakini wewe kila kitu kwako ni chunusi. Huwezi kuona kitu hafifu bila kukisugua."

Hapo alimchoma. Naye Brashi, aliyekuwa tayari kulia na kuomba msamaha, akabinua midomo.

"Na wewe kila unachokipenda lazima kiwe mbali sana. Kilicho karibu hukiambii hata neno moja la maana."

Akavua kitambulisho cha mgeni, akakiweka dirishani, akaondoka. Kiatu kimoja kilikuwa kinalia kwa sababu ya unyevu, ukamsikia ko-nyaa, ko-nyaa, mpaka nje. Ni vigumu kuondoka kwa heshima na kiatu cha namna hiyo.

Nyuma ya kona ya ujia ule, kwenye benchi, alikuwa amekaa shangazi, kilemba kipya cha zambarau, mkoba magotini, akisubiri kuitwa aje kuona. Macho yake ndiyo yaliyokuwa yametengenezwa. Masikio hayakuwahi kuharibika. Alisikia yote, akaingia, akatazama picha, akawashukuru madaktari mmoja mmoja kwa kuwashika mikono, wala hakuuliza lolote.

Jumapili ikaja bila mtu. Brashi alifungua studio, akajiambia anapanga droo. Aliifungua picha kwenye skrini, akavuta mwanga mpaka mwisho, akatafuta lile duara juu kushoto. Hakuna. Alikuwa amefanya kazi safi, na kwa mara ya kwanza akauchukia usafi wake. Simu aliigeuza kifudifudi, akaigeuza tena chali, akaigeuza tena. Jambo moja tu ndilo lililomkaa moyoni: yule mwanamume wa kicheko cha kuchelewa asipotee kwa sababu ya mfuto mmoja wa brashi.

Siku chache baadaye simu ililia. Si yeye.

"Mwanangu, ni mimi, shangazi wa yule mtu wako."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nilikuwa kliniki leo kuangaliwa macho. Nimeitazama picha yenu. Hivi mnagombania nini? Duara si lipo?"

Brashi akasimama. "Lipo?"

"Si lile chini kulia? Jembamba, zuri. Nimeliona kwa macho yangu haya."

"Lakini shangazi, mimi nililifuta."

"Basi hukufuta vizuri. Mshukuru Mungu kwa uvivu wako."

Brashi akakaa, akawaza. Skrini ya studio ilikuwa imepauka siku nyingi. Vitu hafifu ilivimeza. Mara ngapi karatasi imetoa mkunjo wa shela ambao skrini haikuuonyesha? Tena na upande anaweza kuwa aliuchanganya yeye, maana maduara aliyoyafuta yalikuwa mengi. Iliwezekana. Fundi akitaka kitu kiwezekane hakosi sababu ya kifundi.

Hakungoja. Aliomba ruhusa mchana huohuo, akajitanda skafu yake ya maua, akaenda.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa. Mzee mmoja mwenye bandeji jicho moja alikuwa amegeuza kiti chake kabisa kuelekea ukutani.

"Ni moshi wa tanuri," alikuwa anamwambia jirani yake.

"Moshi gani wa dhahabu? Huyo ni jogoo. Tazama mkia."

"Mkia uko wapi?"

"Ngoja wakufungue hilo jicho la pili utauona."

Na mbele ya picha yenyewe, pua karibu igusane na kioo, mkono umekinga mwanga wa dirisha, alisimama mwanamume mrefu, kola moja ndani, moja nje.

Brashi alifikiria kurudi. Badala yake akaenda, akainama upande wa chini kulia, akatazama naye.

Wakakaa hivyo kidogo, mmoja juu, mmoja chini, kama watu wawili wanaotafuta sindano moja.

"Kioo hiki ni cha kawaida," Polepole alisema bila kugeuka. "Kinarudisha mwanga. Nilidhani siku ile mwanga ulinificha."

"Na mimi nilidhani skrini yangu ilinificha."

"Umeliona?"

"Hapana. Wewe?"

"Hapana."

Muuguzi mkuu alipita na faili zake, akawaona. "Nyie! Ahsanteni sana jamani. Zamani hapa ilikuwa kelele, kila mtu anauliza zamu yake lini. Sasa wakiitwa hawataki kuondoka, mpaka wamalize ubishi. Yule bibi wa jana ndiyo kwanza kafunguliwa bandeji, akasimama hapo, akalia. Akasema, kumbe nilikuwa nakosa haya." Akaenda zake.

Polepole alinyoosha mgongo. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya kutazama.

"Ingekuwa yangu, ile nyekundu yenye vipele, wangedhani ni tangazo la ugonjwa," alisema. "Wewe ndiye uliyewafanya wageuze viti. Nilikuwa na deni la shukrani na sikulilipa, nikakulipa maneno ya chunusi. Nisamehe."

"Duara lako lakini..."

"Liko salama kwenye zile picha za mwanzo. Nilikuwa nalo siku zote. Hasira ndiyo ilinifanya niongee kama limekufa mara ya pili."

Brashi alicheka huku anapangusa macho kwa ncha ya skafu. "Tufanye nyingine basi, kwa ule ukuta wa pili. Kwa njia yako. Nyekundu, na punje zake zote, na duara juu kushoto. Nitakaa na mikono nyuma. Na nisamehe na mimi. Ilinipasa kuuliza. Kitu kinaweza kuwa hafifu na bado kikawa cha mtu."

"Hutakaa na mikono nyuma. Nyota utazitoa wewe, zangu zinavimba." Akainyoosha kola yake. "Brashi, mimi nahitaji mtu wa kunifutia vumbi maisha yote. Ila aniulize kwanza."

Wagonjwa waliacha habari ya jogoo.

"Hilo si swali," Brashi alisema. "Hilo ni tangazo la kazi."

"Basi nauliza. Utanikubali?"

"Polepole," akasema yule mzee wa bandeji, aliyedhani anasaidia. "Usimharakishe binti."

"Nakubali," Brashi alisema, "na nimeshachelewa." Chumba kizima kikapiga makofi, hata wale wasioona kilichotokea.

Walipotulia, Polepole alikunja uso. "Lakini wewe ulikuwa unatafuta nini chini kulia? Lilikuwa juu kushoto."

"Shangazi yako alinipigia. Alisema liko chini kulia, kaliona kwa macho yake."

"Na mimi alinipigia leo. Akasema lipo, niende nikatazame vizuri, na nikiendelea kubisha nijitengenezee miwani."

Wakatazamana. Polepole akatoa simu, akaweka sauti juu, akamwashiria Brashi akae kimya.

"Shangazi, shikamoo. Niko hapa kliniki. Lile duara ulilionea wapi hasa?"

"Marahaba. Si pale katikati, baba. Tazama tu, utaliona."

"Katikati? Brashi umemwambia chini kulia. Na lenyewe lilikuwa juu kushoto."

Kwenye simu akasikika kuku mmoja huko nyuma, na mtu akisogeza kiti ili apate muda.

"Kumbe mko wote wawili hapo?" shangazi akauliza.

"Tuko wote, shangazi," Brashi akasema.

"Pamoja pamoja, au pamoja tu?"

"Pamoja pamoja. Lakini jibu kwanza. Duara umeliona au hukuliona?"

"Nimeliona!" shangazi akasema kwa hasira. "Tena ni mawili. Kwani mimi nilifanyiwa jicho moja?"